Maradhi ya Wazimamoto ni Maradhi ya Kazi

Msomaji wetu wa Pemba au Unguja anayeshuka katika bandari ya Tanga na kupanda basi kwenda Moshi au Arusha hana njia nyingine ya maana ila ile ipitayo Muheza, Hale, Segera, Korogwe na Mombo. Na yule atokaye Dar es Salaam kwenda huko huko hupita Mkata na Kabuku, wilayani Handeni, kabla ya kukutana na mwenzake pale Segera. Barabara hiyo ndiyo pia njia ya malori yanayopeleka petroli na dizeli katika mikoa ya kaskazini. Isitoshe, njia ya bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, lenye urefu wa kilomita 1,443, imepitishwa katika wilaya hizo hizo mbili. Kwa hiyo mtu wa visiwani asiseme kuwa habari za Handeni na Korogwe hazimhusu. Siku gari alilopanda litakapopinduka na kuwaka moto, atakayemchomoa kwenye vyuma ni askari wa zimamoto anayeihudumia sehemu hiyo, asiyemjua hata jina.

Tunamwandikia leo askari huyo. Hatuandiki habari za kuungua kwake wala kuvunjika kwake mguu, kwani mambo hayo yana njia yake, na hata kama njia hiyo ina makorongo, inajulikana. Tunaandika juu ya maradhi yanayomfuata polepole kutoka kazini hadi nyumbani, yakamkuta miaka 15 au 20 baadaye, pengine akiwa amekwisha kustaafu na kulima shamba lake. Yakimkuta wakati huo, nani atakubali kuwa ni maradhi ya kazi? Na nani atamlipa?

Yafaa kwanza tuwe wakweli juu yetu wenyewe. Wananchi tunapomtaja mzimamoto mara nyingi tunamtaja kwa lawama. Amechelewa. Amekuja na gari lisilo na maji. Ameomba apishwe njia na watu waliojazana kutazama. Magazeti nayo, hili letu likiwamo, yamefanya biashara nzuri kwa kuandika lawama hizo, na baadhi yake zilikuwa za haki. Lakini ni mara ngapi tumeandika nini kinampata mtu yule baada ya moto kuzimwa na watazamaji kurudi makwao? Tumetafuta katika kumbukumbu zetu na hatukuona mengi ya kujivunia.

Saa ya moto kuwaka si saa ya hatari peke yake. Moto ukiisha nguvu, askari hubaki palepale kufukua majivu, kupindua mabati na kutafuta makaa yaliyojificha. Hapo joto limepungua, mtungi wa hewa mgongoni umekwisha au ni mzito, naye huvua kinyago ili apumue vizuri. Kumbe ndipo anapovuta sumu. Godoro la sponji, matairi, nyaya za umeme, mabomba ya plastiki, rangi za ukutani, vyote hivyo vikiungua hutoa moshi usiofanana na ule wa kuni alioujua bibi zetu jikoni. Ndani yake mna benzini, mna fomaldehidi, mna chembe za masizi nyembamba mno zinazoingia hadi ndani kabisa ya mapafu. Ikiwa jengo ni la zamani lenye paa la asbesto, kama yalivyo majengo mengi ya umma yaliyojengwa zamani, mabati hayo yakipasuka kwa joto hutoa nyuzi zisizoonekana kwa macho. Na si pua tu inayopokea. Ngozi yenye joto na jasho hufyonza masizi, shingoni na chini ya kofia zaidi ya penginepo. Kisha koti lile lile huwekwa ndani ya gari, huvaliwa tena kesho, na nguo za ndani hufuliwa nyumbani pamoja na za watoto.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1775 daktari mmoja wa upasuaji mjini London, Percivall Pott, aliandika kuwa watu waliosafisha mabomba ya moshi tangu utotoni walipata saratani ya korodani kwa sababu ya masizi yaliyowaganda mwilini. Ndiyo saratani ya kwanza kuhusishwa na kazi ya mtu katika maandishi ya tiba. Imepita miaka 250. Mwezi wa Juni 2022 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliwakutanisha wataalamu kuichunguza kazi ya kuzima moto. Mwaka 2007 shirika hilo hilo lilikuwa limesema kuwa kazi hiyo huenda ikasababisha saratani. Safari hii neno "huenda" liliondolewa. Kazi ya zimamoto iliwekwa katika kundi la kwanza, pamoja na moshi wa tumbaku na asbesto. Wataalamu walisema ushahidi umetosha kwa saratani ya kibofu cha mkojo na ile ya utando unaofunika mapafu, na kwamba upo ushahidi, ingawa haujakamilika, kwa saratani nyingine kadhaa, zikiwamo za utumbo mpana, tezi dume na ngozi.

Hapana shaka watakuwapo watakaosema kuwa utafiti huo ulifanywa kwa wazimamoto wa Ulaya na Marekani, na kwamba hapa kwetu mambo ni tofauti. Ni kweli ni tofauti. Kule mtu hupewa koti la pili wakati la kwanza linafuliwa kwa mashine maalumu. Tofauti hiyo haimsaidii mzimamoto wetu.

Sasa tuitazame sheria. Tanzania Bara ilikaa miaka mingi na sheria ya fidia iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni, ambayo kiwango chake cha juu kabisa kilikwama kwenye Sh. 108,000 kwa ulemavu wa kudumu na Sh. 83,000 kwa kifo, fedha ambazo miaka ya mwisho hazikutosha hata gharama za msiba. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliondoa aibu hiyo. Ilianzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao ulianza kazi mwaka 2015, na mwajiri ndiye anayechangia, si mfanyakazi. Inawahusu watumishi wa umma na wa sekta binafsi. Inatoa matibabu, malipo kwa asiyeweza kufanya kazi kwa muda, pensheni kwa aliyepata ulemavu mkubwa wa kudumu, na pensheni kwa wategemezi wa aliyekufa. Tena inatambua magonjwa yatokanayo na kazi, sawa na ajali. Tunasema wazi kuwa ile ilikuwa hatua kubwa, na waliohusika wanastahili pongezi.

Lakini kutambua ugonjwa kwenye kitabu cha sheria ni jambo moja, na mgonjwa kuthibitisha kuwa ugonjwa wake ni wa kazi ni jambo jingine. Ajali ina siku yake. Usiku wa tarehe 3 Februari 2023, pale Magira Gereza wilayani Korogwe, lori na basi dogo lililobeba msiba viligongana na watu wasiopungua 17 wakapoteza maisha. Mwokoaji ambaye angekatwa na bati usiku ule angekuwa na tarehe, mahali, mashahidi na cheti cha daktari. Je, saratani ya kibofu ina tarehe gani? Ilianza siku ya moto upi? Ni ule wa ghala la mkonge, au wa lori la mafuta, au wa duka la magodoro? Mgonjwa hawezi kujibu, na hata daktari bingwa hawezi. Ugonjwa umetokana na mioto yote kwa pamoja, kama kisima kinavyojaa kwa tone baada ya tone. Ukimtaka mtu aoneshe tone lililojaza kisima, umekwisha kumnyima fidia kabla hujafungua jalada lake.

Wakazi wa Korogwe, zaidi ya watu wa wilaya nyingi, wanaijua hadithi ya maradhi yasiyo na tarehe. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na katika miliki alizo nazo ardhi hii, mmea huo ndio uliojenga mji, reli na hospitali. Vumbi lake pia lilijenga vikohozi. Wazee waliofanya kazi katika vyumba vya kusafishia singa kwa brashi wanasimulia jinsi kifua kinavyobana, hasa siku ya kurudi kazini baada ya mapumziko. Uchunguzi wa kitaalamu uliofanywa miongoni mwa wafanyakazi wa viwanda vya mkonge nchini, na kuchapishwa mwaka 2007 na 2008, ulithibitisha maneno ya wazee: wanaokaa karibu na vumbi la brashi hukohoa na kubanwa kifua kuliko wenzao. Wangapi kati ya wazee hao waliopata fidia katika maisha yao? Wengi walirudi vijijini wakaitwa wagonjwa wa pumu, au wakasemwa kuwa wamerogwa. Kule Handeni nako wako vijana wanaochimba dhahabu katika kilima cha Magambazi na penginepo, wakivuta vumbi la mwamba, ambao kesho watakuwa na swali lile lile. Tunamtanguliza mzimamoto leo kwa sababu mwajiri wake ni Serikali yenyewe. Serikali ikishindwa kumlinda mtumishi wake, itasimama wapi kumwambia mwenye shamba au mwenye mgodi?

Nini basi kifanyike? Wenzetu wa nchi nyingine wamekwisha kupita njia hii. Jimbo la Manitoba nchini Kanada liliandika katika sheria yake mwaka 2002 kuwa mzimamoto aliyetumikia miaka iliyotajwa, akipatwa na saratani fulani zilizotajwa, ugonjwa huo utachukuliwa kuwa umetokana na kazi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Bunge la Australia lilifanya vivyo hivyo mwaka 2011 kwa wazimamoto walio chini ya serikali kuu. Angalieni kuwa sheria hizo hazisemi kila mzimamoto mgonjwa alipwe. Zinachosema ni kwamba mzigo wa kuthibitisha uhame kutoka mgongoni mwa mgonjwa uende kwa anayepinga. Anayedai kuwa kibofu cha mtu huyu kiliharibiwa na sigara, na si na moshi wa miaka 20, basi yeye ndiye aeleze.

Tunaliomba jambo hilo hilo hapa. Jedwali la magonjwa ya kazi na miongozo ya Mfuko izitaje saratani ya kibofu na ya utando wa mapafu kuwa ni maradhi ya kazi ya mzimamoto, pamoja na maradhi sugu ya mapafu, kwa aliyetumikia muda utakaoamuliwa na wataalamu. Haki hiyo isife siku ya kustaafu. Saratani ya utando wa mapafu huweza kuchukua miaka 30 au zaidi tangu mtu avute nyuzi za asbesto mpaka ajulikane kuwa mgonjwa, na kumwambia mzee wa miaka 70 kuwa yeye si mfanyakazi tena ni kumdhihaki.

Watu wa hazina watauliza gharama. Ni swali la haki. Wazimamoto si wengi, wakilinganishwa na walimu au wauguzi au wafanyakazi wa mashamba, na wanaopatwa na maradhi haya ni sehemu yao tu. Tena tunakumbuka kuwa mchango wa waajiri binafsi, uliokuwa asilimia 1 ya mishahara, ulishushwa hadi asilimia 0.6 mwaka 2021, kisha hadi asilimia 0.5 mwaka 2022, ukawa sawa na ule wa sekta ya umma. Waajiri walifurahi, nasi hatukupinga. Mfuko wenye uwezo wa kuwapunguzia mzigo wenye viwanda hauwezi kushindwa na wajane wachache wa wazimamoto.

Lipo tatizo jingine ambalo ofisini halionekani sana. Hadi ilipotungwa Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji Na. 14 ya mwaka 2007, wazimamoto wengi walikuwa watumishi wa halmashauri za miji na manispaa. Baadaye wakakusanywa chini ya Serikali Kuu, katika Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Aliyeanza kazi mwaka 1985 katika halmashauri na kumaliza katika Jeshi jipya ana maisha mawili ya kazi, na majalada mawili, ikiwa yote mawili yangalipo. Moto aliouzima mwaka 1991 umeandikwa wapi? Alivaa nini siku hiyo? Mwenye kumbukumbu ni yeye na masahaba wake wachache walio hai. Watu hawa wasipoulizwa sasa, baada ya miaka 10 hatakuwapo wa kuulizwa. Tungependa kila mzimamoto mstaafu wa Mkoa wa Tanga aitwe, aandikwe, na apimwe katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, na atakayeonekana na dalili apelekwe Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, kwa gharama zisizotoka katika pensheni yake.

Kwa walio kazini, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka mfanyakazi apimwe afya yake. Mzimamoto asipimwe kama karani. Kipimo cha nguvu ya mapafu na cha mkojo kila mwaka si anasa. Na majibu yawekwe kwenye jalada lake, kwa kuwa kipimo cha mwaka wa kwanza ndicho kitakachomwonesha daktari wa mwaka wa 20 jinsi mtu alivyoharibika.

Hatukuzungumza juu ya moyo wa mtu. Tarehe 28 Juni 2025, katika wilaya ya Same, mbele kidogo ya Korogwe kwenye barabara hii hii, basi kubwa na basi dogo yaligongana na kuwaka moto. Walikufa zaidi ya watu 35, na miili mingi haikuweza kutambulika. Miaka sita kabla yake, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lililipuka pale Msamvu, Morogoro, wakafa watu zaidi ya 100. Kuna watu walioikusanya miili hiyo kwa mikono yao, kisha wakarudi nyumbani kula chakula cha jioni na wake zao na watoto wao. Anayekosa usingizi mwaka mzima baada ya kazi kama hiyo si mwoga wala mlevi. Naye ni mgonjwa wa kazi, ingawa tunakiri kuwa kumpimia fidia yake ni kugumu kuliko kumpimia mwenye saratani.

Kwa ndugu zetu wa visiwani tuna neno la pekee. Mambo ya kazi na ajira si ya Muungano, na Sheria ya mwaka 2008 haivuki bahari. Zanzibar ilitunga sheria yake ya fidia mwaka 1986 na kuirekebisha mwaka 2005, na ina Kikosi chake cha Zimamoto na Uokozi chini ya Idara Maalumu za Serikali ya Mapinduzi. Moshi wa Mji Mkongwe, kwenye vichochoro ambamo gari haliingii na nyumba zenye dari za boriti na mbao kavu za miaka 100 na zaidi, ni mzito na hukaa mahali pamoja. Hoteli za makuti za pwani huungua kwa muda mfupi, lakini ndani yake siku hizi mna magodoro, viyoyozi na majokofu. Mzimamoto wa Unguja anavuta kilekile anachovuta mwenzake wa Korogwe. Haitakuwa sawa mmoja alindwe na mwingine aachwe kwa sababu ya maji yaliyo katikati. Waheshimiwa wa Bunge kule Dodoma na wa Baraza la Wawakilishi kule Chukwani wanaweza kulishughulikia jambo hili kila upande kwa wakati wake, lakini wakiambizana.

Wapo vilevile wasio na mwajiri. Moto wa pori ukishuka Handeni wakati wa kiangazi, wanaoukabili kwa matawi mabichi na madebe ya maji ni wanakijiji na mgambo, kabla gari halijafika, na mara nyingine gari halifiki. Sheria ya fidia inamhusu mwajiriwa, nao hawakuajiriwa na mtu. Hatuna jibu kamili kwa hao. Tunaona tu kuwa halmashauri inayowapigia mbiu watoke kuzima moto isijifanye haiwajui wanapougua.

Mabadiliko ya sheria huchukua muda, nasi tunafahamu taratibu za wizara. Liko jambo moja lisilohitaji Bunge wala Baraza. Kila kituo kifungue daftari la mioto: tarehe, mahali, kitu kilichoungua, askari waliokuwapo kwa majina, saa walizokaa ndani ya moshi, na kama walivaa vinyago hadi mwisho. Mkuu wa zamu alitie saini, na nakala iende kwenye jalada la kila askari. Mwaka 2045 askari kijana aliyepo Korogwe leo atakapoulizwa ugonjwa wake ulianza lini, aweze kuweka mezani mioto yake yote, mmoja mmoja. Tunawaomba wakuu wa Jeshi mkoani Tanga na wa Kikosi huko Unguja na Pemba waanze mwezi huu.